Kigoda cha Kipkirui

Siku ya kumpa mtoto jina, Dorcus alianza na chai. Aliwasha kuni za mkaratusi ambazo hazikuwa zimekauka vizuri, akapangusa macho kwa sababu ya moshi, kisha akamimina maziwa kwenye ile sufuria kubwa ambayo majirani huiazima kila wanapokuwa na harusi. Watu wa Kamosirei huchuma majani ya chai mwaka mzima, halafu huenda dukani kununua ile ya vumbi, na hawaoni ajabu yoyote. Dorcus alikuwa ameagiza pakiti kubwa kutoka Litein. Alijua wageni wangekuwa wengi, na wengine wangetoka mbali.

Mtoto alikuwa wa mwanawe, Kipkirui. Mama yake aliitwa Dorine, msichana wa Kijaluo aliyezaliwa na kukulia katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kampuni, ng'ambo ya mto. Jina la kanisani mtoto alikuwa nalo tayari, Ezra, na pasta alikuwa amelipenda. Lakini jina la kanisani ni jambo moja, na kila boma la Kamosirei, hata la mzee wa kanisa, bado hufanya lile jambo la pili. Wanawake wazee humpakata mtoto, wakawaita wafu wa ukoo kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomfanya mtoto apige chafya ndilo lake. Aliyeitwa amerudi.

Jambo jingine linalojulikana, ingawa halisemwi mbele ya pasta, ni kwamba mfu akiitwa namna hiyo, mtoto akiwa amepakatwa, huja. Huingia kwa mlango kama mgeni yeyote, hufuta miguu, hutafuta pa kukaa na kungoja kuona kama atachaguliwa. Mtoto akipiga chafya, aliyechaguliwa huingia ndani yake na wale wengine huaga. Kwa kawaida shughuli yote huisha kabla chai haijapoa.

Aliyempakata mtoto asubuhi hiyo alikuwa Kogo Taprandich, mama mkwe wa Dorcus, ajuza ambaye meno yalikuwa yamemwisha lakini kumbukumbu haikuwa imempungua hata kidogo. Alimwita kwanza marehemu mumewe. Mzee aliingia na koti lake la mvua, akauliza kama yule ng'ombe wa madoa alizaa, akaambiwa alizaa na akafa, akasikitika na kukaa kwenye kochi. Mtoto alimtazama tu. Kogo akaita shangazi, akaita wajomba, akaita yule aliyegongwa na lori la majani pale kwenye kona. Wote walikuja. Kochi likajaa, viti vikajaa, waliofuata wakatandikiwa magunia. Mtoto alimwangalia kila mmoja kwa utulivu na pua yake haikutikisika. Kogo alimsogezea ugoro kidogo, mtoto akageuza uso.

"Sisi kwetu huita mtoto akilia," alisema Akeyo, mama yake Dorine, aliyekuwa amevuka mto alfajiri na kuku chini ya kwapa. "Ukitaja mwenye jina, ananyamaza. Lakini huyu hajawahi kulia. Sasa nitafanyaje?"

Alijaribu hata hivyo. Alimwita marehemu mama yake, naye akaingia akiwa amejifunga leso mbili, akauliza watu wanaishije katika baridi hii, akapewa kikombe. Mtoto alipiga mwayo.

Kufikia saa za mchana wafu wa pande zote mbili walikuwa wameitwa. "Wamekwisha," alisema Kogo, bila kumtazama mtu machoni. Dorcus aliliona hilo kwa sababu yeye mwenyewe pia alikuwa anatazama chini. Katika chumba kizima, walio hai na waliokufa, hakuna aliyekuwa hafikirii jina moja.

Kipkirui alikuwa na pikipiki ya boda boda, kipaza sauti cha kuazima, na mdomo. Mwezi ule wa maandamano alipanda juu ya kreti ya soda pale senta, akauliza ile barabara ya lami ambayo wakubwa wameizindua tena na tena iko wapi, kwa maana yeye hupita hapo kila siku na hajakutana nayo. Watu walicheka sana. Wiki hiyo hiyo, jua likiwa utosini, wanaume waliofunika nyuso walishuka kwenye gari jeupe lisilo na namba, wakamchukua mbele ya poshomili akiwa ameshika mfuko wa unga. Unga ulimwagika. Walioona walikuwa wengi, na kufikia jioni hakuna aliyekuwa ameona.

Chifu Kipyegon aliitisha baraza akasema kijana huyo hakuchukuliwa, alienda. Alipoulizwa alienda wapi, alisema kuuliza ni uchochezi. Akaongeza kwamba kwa ajili ya amani ingekuwa vyema jina lile lisisikike tena kanisani, sokoni wala kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Pasta alisema tumwachie Mungu. Basi jina likaondolewa taratibu, bila kelele, na kila mtu akasaidia kidogo. Dorcus alikuwa Mama Kipkirui tangu alipopata mtoto wake wa kwanza. Hakuna aliyewahi kumwita vingine. Sasa majirani walianza salamu, wakafika kwenye jina, wakaliruka, wakauliza habari za ng'ombe. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Alijihisi kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani na kisha kuambiwa kwamba yuko uchi kwa faida yake mwenyewe.

Kipngeno, mumewe, alikuwa na njia yake. Ukimtajia mwanawe, alikuuliza kama ndama amefungwa. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amelisukuma jambo lile chini mpaka mwenyewe hakujua tena liko wapi. Ila mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba ngumi tangu siku ile, na haukufunguka. Alikula kwa kushoto, akakamua kwa kushoto, na kanisani akasalimia watu kwa ngumi, vijana wakadhani mzee ameanza mitindo.

Dorcus alikuwa amempeleka zahanati, kwa mshauri nasaha mmoja Mkisii aliyeitwa Omwenga. Omwenga aliugeuza ule mkono huku na huku.

"Mama, huu mkono hauna ugonjwa," alisema. "Kuna kitu mzee amekataza akili yake isijue. Akili imetii. Mkono ndio umekataa."

Dorcus aliwaza kidogo. "Kwa hivyo ako na chifu huko ndani yake."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na huyo chifu wa ndani akikataza kitu, kinaisha?"

"Hakiishi, mama. Kinakaa hapo kikitafuta mlango ingine."

Kisha Omwenga aliinuka, akafunga dirisha, akawapa mafuta ya kuchua. Alijua hayatasaidia, lakini zahanati haiwezi kumrudisha mtu mikono mitupu.

Wafu hawakuondoka siku ile ya jina, wala siku iliyofuata. Hakuna aliyechaguliwa, kwa hivyo hakuna aliyeruhusiwa kuaga. Walikuwa wageni wenye adabu. Asubuhi walikunja magunia yao, wakanywa chai, na wale waliokuwa wachumaji enzi zao wakabeba vikapu na kwenda shambani. Walichuma vizuri, majani mawili na kichipukizi, bila kuchanganya na magumu. Shida ilikuwa kwenye kituo cha majani. Duke, karani wa mizani, alitundika kikapu kilichojaa mpaka juu, na mshale haukusogea.

"Mathe, hii siwezi kuandika," alimwambia Dorcus. "Majani iko. Kilo ndio haiko."

Dorcus akayarudisha nyumbani na kumpa ng'ombe, ambaye naye aliyala bila kushiba.

Majirani walikuja kuwaona wa kwao. Waliketi, wakapiga soga, wakauliza bei za mahindi za zamani, na hakuna aliyegusa lile jambo. Dorcus alipita katikati yao na birika akisikia jinsi mazungumzo yalivyolizunguka, kama maji yanavyozunguka jiwe. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akawatazama. Hakulia. Alikuwa anangoja.

Dorine ndiye aliyelisema. Walikuwa wanaanika nguo za mtoto kwenye ua wa miiba wa kei-epo.

"Mama, kuna jina mmebakisha?"

"Iko," alisema Dorcus.

"Mimi sijui desturi yenu yote. Lakini mimi nataka kujua kama nimekuwa mjane ama nangojea mtu. Sitaki kukaa hapa katikati."

Dorcus alipeleka maneno hayo kwa mumewe zizini. Kipngeno alikuwa anakamua kwa mkono mmoja, ameketi kwenye kigoda cha miguu mitatu ambacho Kipkirui alikuwa amekichonga mwenyewe akiwa darasa la nane, mguu mmoja mfupi kuliko mingine.

"Baba Kipkirui," alimwita. Hakuwa amemwita hivyo tangu wakati ule. Maziwa yalikoma kutiririka. "Nataka tumwite."

"Ukimwita, umemzika," Kipngeno alisema bila kugeuka. "Akiingia hapo kwa mlango, afute miguu, utafanya nini? Utampatia chai?" Kisha akauliza kama ndama amefungwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya Dorcus pia, na aliijua kila upande. Alikuwa amemwona akilini mara nyingi: anainama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, shati limejaa unga, anatabasamu kana kwamba amechelewa tu. Asipoitwa, hajafa. Asipotajwa, bado yuko njiani. Alisimama zizini akinusa mavi ya ng'ombe na maziwa ya moto, na hapo akaelewa jambo lililomchukiza sana. Chifu alikuwa amemkataza kulitaja jina la mwanawe, na yeye alikuwa anamfanyia chifu kazi hiyo, ndani ya kifua chake mwenyewe, usiku na mchana, bila hata kuombwa mara ya pili. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Haikuwa imempanda hivyo tangu siku ya unga, na aliifurahia.

Chifu Kipyegon alifika siku mbili baadaye na askari wawili wa utawala. Alisimama uani akawatazama wafu waliokuwa wamekaa juani, wengine wanachambua mboga.

"Dorcus, hawa watu wako na kibali?"

"Ni wageni, chifu."

"Wageni wakifika hii idadi ni mkutano. Mkutano inataka kibali." Alimwona marehemu mzee wa koti, akavua kofia, akamwamkua kwa heshima, kwa maana mzee huyo alikuwa amewahi kumtoa shimoni akiwa mtoto. Kisha akaivaa tena. "Ijumaa kuna baraza. Mtakuja na huyo mtoto, apatiwe jina yoyote, hawa warudi kwao. Hii kitu imeanza kuongewa mpaka Silibwet."

"Sawa, chifu," Dorcus alisema. "Tutakuja wote."

Ijumaa hiyo mawingu yalianza kukusanyika mapema juu ya milima, kama kawaida ya huku. Uwanja wa ofisi ya chifu ulijaa. Walio hai walikaa mbele kwenye nyasi, wafu wakakaa nyuma, kwa sababu hawakutaka kuwazibia wengine. Askari walisimama kando na mabomu yao ya machozi kiunoni. Kogo aliletwa kwa toroli, mtoto mapajani. Akeyo alikuwa amevuka mto, na marehemu mama yake akatoka kumlaki. Dorcus alibeba kile kigoda cha kukamulia, na watu walipouliza ni cha nini, alisema cha kukalia.

Chifu alizungumza juu ya mbolea, juu ya pombe haramu, juu ya amani. Aliizungumzia amani kwa muda mrefu. Halafu akasema kuna boma moja ambalo limeshindwa kumaliza shughuli ndogo ya kifamilia, na kwamba serikali iko tayari kusaidia. Mtoto ataitwa Kibet, kwa kuwa alizaliwa mchana. Kuna mwenye swali?

Dorcus alisimama. Alikwenda mbele, akaweka kigoda kwenye nyasi kati yake na meza ya chifu, akakisawazisha kwa kijiwe chini ya ule mguu mfupi.

"Hakuna swali," alisema. "Kuna jina bado."

"Dorcus," alisema chifu. "Kaa chini."

"Kogo, shika mtoto vizuri."

Kogo Taprandich alimwinua mtoto, uso wake ukaelekea uwanjani. Dorcus alivuta pumzi, akaita, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia kutoka mtoni akiwa mdogo na chakula kimeiva.

"Kipkirui!"

Watu wote waligeuka kutazama lango. Wafu nao waligeuka. Lori la majani lilipita barabarani likaacha vumbi jekundu, na vumbi likatua. Dorine alikuwa amejishika mdomo kwa mikono yote miwili. Dorcus aliita tena, akaita na mara nyingine, na kila mara moyo wake ulisimama njiani na kungoja kuona nani atainama langoni. Hakuna aliyeinama. Mtoto alitazama lango pamoja na wengine, akapepesa macho, akatulia. Kigoda kilibaki kitupu.

Marehemu mzee wa koti aliinuka kule nyuma.

"Kwetu hayuko," alisema. "Angekuwa amefika, tungemwona."

Sauti iliyosikika baada ya hapo ilikuwa ya Kipngeno, na watu wengi walikuwa wamesahau inafanana vipi. "Kipkirui," alisema. Akasema tena, "Kipkirui wangu," na ngumi yake ikafunguka kidole kimoja kimoja. Ndani yake mlikuwa na unga wa mahindi, mkavu, mweupe kama siku uliposagwa, ule aliokuwa ameuzoa chini mbele ya poshomili alipofika mbio na kukuta gari limeondoka. Aliutazama, akauonyesha kwa walio karibu, akalia na kucheka kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Chifu alingoja. Alikuwa mtu mwenye subira na mafunzo.

"Pole, mzee," alisema. "Lakini tusidanganyane. Huyu mtoto hajawahi kupiga chafya hata siku moja. Pengine pua yake imeziba. Hiyo haiwezi kuwa ushahidi."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito na watu waliipima. Ndipo Kogo Taprandich alipokohoa.

"Pua haijaziba," alisema. "Ni mimi nilibakisha mtu."

Alieleza bila haraka. Alipoolewa katika boma hili, msichana mdogo, mama mkwe wake alimkalisha chini akamwambia kuna jina halitamkwi hapa. Ni la mwenye boma, mume wa huyo mama mkwe. Mwenye boma alikuwa amelima pale ng'ambo ya mto, kabla pale hapajawa pa kampuni, na wazungu walipopanda miche ya chai kwenye shamba lake la wimbi, yeye aliing'oa. Wakapanda tena, akang'oa tena. Wakamchukua. Familia ikaambiwa kwamba wakimtaja, hata hiki kipande walichobaki nacho kitaenda. "Nikanyamaza," alisema Kogo. "Mume wangu akanyamaza. Watoto wetu hatukuwaambia. Nikizeeka nikafikiri nimesahau, na sijasahau hata siku moja." Alimsogeza mtoto karibu na kifua chake, akaita, "Sigilai!"

Aliingia kwa lango papo hapo, kama mtu aliyekuwa amesimama nje yake miaka yote hiyo. Alikuwa pekupeku, kaptula ya jela imemfika magotini, kifua wazi. Katika mkono mmoja alikuwa ameshika rundo la miche ya chai iliyong'olewa, mizizi bado ina udongo. Marehemu mzee wa koti, ambaye hakuwa amemwona baba yake tangu utotoni, alisimama na hakujua afanye nini na mikono yake.

Sigilai alitazama pa kukaa akakiona kigoda.

"Hiyo iko na mwenyewe, mzee," Dorcus alisema.

"Sawa," alisema Sigilai, akakaa kwenye nyasi. Kisha akamtazama chifu kwa muda. "Wewe ni wa nani?"

Chifu alijibu kabla hajafikiri, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyojibu mkubwa. Alitaja babake na babu yake.

"Nilidhani hivyo," alisema Sigilai. "Aliyekuja kuwaonyesha wazungu mlango wangu alikuwa na masikio hayo hayo."

Mtoto akapiga chafya. Ilikuwa chafya kubwa kuliko mwili wake, ikamrusha kifuani mwa Kogo, na mbwa wawili wakakurupuka wakakimbia. Kisha akaanza kulia, kilio cha siku zote alizokuwa hajalia, na wanawake wakapiga vigelegele. Mahali alipokuwa ameketi Sigilai palibaki miche ya chai tu.

Dorcus hakukaa chini.

"Chifu, pua inafanya kazi," alisema. "Sasa sikiza. Walio hai tumewauliza, wakasema hayuko. Waliokufa tumewauliza, wewe ukiwa hapa, wakasema hayuko. Mahali imebaki ni moja. Ako na nyinyi. Mumrudishe."

Mwanamke mmoja wa kwaya, aliyekuwa akiruka jina tangu mwaka uliopita, alisimama akasema, "Mama Kipkirui amesema." Mwingine akasema, "Mama Kipkirui amesema ukweli." Likaenda hivyo mstari kwa mstari, mpaka likafika nyuma kwa wafu, nao wakalisema. Duke wa mizani alilisema akiwa amesimama juu ya pikipiki. Dorcus alilisikia jina lake likimrudia kutoka kila upande akahisi amevishwa nguo tena.

Chifu alisema baraza limefungwa. Askari walirusha bomu la kwanza, mvua ya mawe ikaanza wakati huo huo, na watu wakatawanyika wakikohoa kuelekea kwenye vibaraza vya maduka. Wafu hawakukimbia. Moshi haukuwafanya lolote. Walipita katikati yake wakiaga, wakimpa Kogo mkono, na mama yake Akeyo akasema heri yeye anarudi kwenye joto.

Kipkirui hajarudi. Chifu Kipyegon bado ni chifu. Barabara ya lami imezinduliwa tena. Kwenye kituo cha polisi Dorcus aliambiwa kwamba maneno ya wafu hayapokelewi kaunta, na kwamba chafya ya mtoto si taarifa. Alisema ameelewa. Siku iliyofuata alirudi na kigoda, akakiweka karibu na kaunta, akakisawazisha kwa kijiwe, akaenda zake.

Kigoda kimekaa pale tangu wakati huo. Mara ya kwanza askari walipokirusha nje kilirudi ndani wenyewe wakiwa kwenye gwaride, mara ya pili kadhalika, na sasa kinafagiliwa kwa kuzungukwa. Kipngeno anakamua kwa mikono miwili akiwa amechuchumaa, na akiitwa Baba Kipkirui anaitika. Unga ule ameuweka kwenye kopo, na haujaoza. Mtoto anaitwa Sigilai mbele ya kila mtu, pasta akiwemo. Alipoanza kutambaa, kitu cha kwanza alichokishika kilikuwa mche wa chai, akaung'oa, na Dorine akaupanda tena bila kumgombeza.

Kila Jumatatu, akishapeleka majani, Dorcus hupitia kituo cha polisi na kupangusa kigoda vumbi kwa leso. Juzi alimkuta askari mpya, kijana kutoka mbali ambaye hakuwa ameelezwa.

"Mathe, hiki kiti ni cha nani? Kinazuia njia."

"Ni cha Kipkirui," alisema Dorcus. "Usikiguse, mwanangu. Siku mtamtoa huko ndani atakuwa amechoka."

Askari aligeuka akautazama ule mlango wa chuma wa nyuma, kisha akakizunguka kigoda kama wenzake.